NASM 2.16 yangu inakataa kwamba imezidi 2.15

Wakuu, jana nimekesha na mstari mmoja wa NASM (asembla, yaani programu inayogeuza lugha ya asembli kuwa msimbo wa mashine), unaouliza kama toleo ni 2.15 au zaidi:

%if __NASM_VERSION_ID__ >= 0x02150000

Nina NASM 2.16, nimethibitisha kwa nasm -v, lakini kila nikiijenga programu inarukia %else ("la sivyo"), kwenye makro zangu za zamani, vile vipande vya msimbo nilivyovipa majina. Nimefuta kila kitu nikaanza upya, wapi! Kosa liko wapi?

Jibu
Kosa liko kwenye 15. Kila sehemu ya toleo hukaa kwenye baiti yake, na 15 kwa heksadesimali (namba za msingi wa 16, zinazoanza na 0x) ni 0F. Ulichoandika wewe, 0x15, ni 21, yaani unadai toleo 2.21! 2.16 yako inaanza na 0x0210, ndiyo maana inashindwa. Weka 0x020F0000.

Jibu
Mimi heksadesimali kwenye masharti nimeiacha kabisa. Linganisha __NASM_MAJOR__ na __NASM_MINOR__ kwa namba za kawaida, hata atakayekuja kusoma ataelewa. Usiilinganishe __NASM_VER__ kwa >=, ile ni maandishi. Inafaa kwa db (amri ya kuandika data kwenye faili), ukitaka toleo libaki ndani ya faili lenyewe.

Tena tangu 2.15 majina rasmi yana alama ya kuuliza: __?NASM_MAJOR?__. Asembla za kabla ya hapo haziyajui, kwa hiyo kwa kazi yako baki na ya zamani.

Muulizaji
Ni 0F kweli! Imepita mara ya kwanza. Nilikuwa nikiitazama 15 ile naiona sahihi kabisa. Asanteni sana, nahamia MAJOR na MINOR leo hii.