Mrejesho: mboga za kuandamana na mbuzi choma
Nawashukuru nyote mlionijibu nilipouliza ni mboga gani, mbali na kachumbari, ziandamane na mbuzi choma kwa wageni wa familia. Nilifuata ushauri wa kuchoma mabiringanya mazima juu ya makaa yaleyale ya nyama hadi maganda yakaungua na ndani yakalainika, kisha nikayamenya, nikayaponda na kuyachanganya na kitunguu saumu, chumvi na maji ya ndimu. Uchachu huo ulikata mafuta ya mbuzi vizuri mno, na bakuli hilo ndilo lililokwisha kwanza. Sukuma wiki ilipendwa hasa na wazee, walioila kwa ugali. Kachumbari niliitia chumvi wakati wa kupakua tu, kwa kuwa nyanya zikitiwa chumvi mapema hutoa maji mengi.