Mtoto wangu ameanza kuficha mkono mbele ya ugali, naomba ushauri

MamaTunu:
Habari za jioni wapendwa. Naombeni ushauri, hasa nyie mlioolewa Ujerumani vijijini.

Naishi Ostfriesland, kijiji kisicho mbali na Aurich, mwaka wa sita sasa. Mume wangu ni mwenyeji wa hapa na mama yake anakaa nyumba ya pili. Ni mama mwema, nilipojifungua alinihudumia kama bintiye. Shida ipo kwenye meza ya jioni. Hapa saa kumi na mbili ni mkate, jibini, soseji na matango ya siki, vyote baridi, kwa kuwa watoto walishakula cha moto mchana. Mimi nimekulia Iringa, jioni bila sufuria jikoni naona kama nyumba ina msiba. Basi mara mbili kwa wiki nasonga ugali.

Juzi mama mkwe aliingia tukiwa tunakula, akamwambia Tunu (miaka 5) kwamba wanaokula kwa mkono ni watoto wachanga. Hakusema kwa ubaya. Ila tangu siku hiyo mtoto anaomba uma, na nikimtazama anauingiza mkono wa kulia chini ya meza. Mume wangu alikaa kimya. Ule mkono chini ya meza unaninyima usingizi. Niache ugali mpaka wakue, au nisimame imara?

BintiPangani:
Pole mdogo wangu. Nipo Bremen mwaka wa 14. Usiache ugali, hamisha siku tu. Jioni za kazi waachie mkate wao, watoto wamechoka na wanawahi kulala. Ugali uwe Jumamosi mchana.

Halafu hapo ulipo umezungukwa na sukuma wiki! Ile Grünkohl wanayoichemsha muda mrefu na soseji ya Pinkel ni ndugu yake. Majani yamejikunja na ni magumu kidogo, kwa hiyo chuma yale machanga ya juu, toa uti wa katikati, katakata nyembamba kabisa, kaanga na kitunguu na nyanya. Ikishapigwa na baridi kali inakuwa tamu zaidi. Mwombe mama mkwe akuchumie bustanini kwake, na mwite aione inavyopikwa.

BabaWawili:
Dada, mboga ni sawa, ila mimi naona kazi ni ya shemeji. Kaeni wawili, mweleze kuhusu huo mkono kama ulivyotueleza sisi. Yeye ndiye azungumze na mama yake, kwa Kiplatt chao, ile lugha ya wenyeji wa huko. Ukienda wewe, itaonekana mkwe anamsahihisha mama mwenye nyumba.

Msangu:
Samahani kwa kutoka nje ya mada kidogo, unga mnapata wapi? Wa maduka ya Kituruki ni wa njano na una chengachenga. Ule mweupe wa arepa (vimkate vya mahindi vya Amerika Kusini) umeshapikwa kiwandani, ugali wake unakuwa kama gundi.

MamaTunu:
@Msangu naagiza kwa anayekwenda maduka ya Kiafrika ya Oldenburg. Ukiisha nasonga semolina ya ngano, watoto wanaipenda. Ukitoka nyumbani, samaki wakavu kama dagaa unaruhusiwa hadi kilo 20, ila nyama na maziwa usithubutu. Kisamvu kibichi nacho kinadaiwa cheti cha afya ya mimea.

MwalimuMstaafu:
Binti yangu, nimefundisha watoto wadogo miaka mingi. Wa miaka mitano anataka kufanana na wenzake, si kwamba anakukataa wewe. Akiomba uma, mpe bila kununa. Wewe kula kwa mkono kwa raha zako, na usimtazame. Siku bibi yake akiwapo, mwambie Tunu amfundishe kumega tonge. Mtoto akipewa kufundisha, aibu inaondoka.

MamaTunu (mrejesho):
Nimerudi, asanteni sana. Mume wangu alizungumza na mama yake Alhamisi, nami sikuuliza walichosema. Jumamosi mama mkwe alikuja na mfuko wa Grünkohl, bado ina barafu kwenye majani. Alisimama pembeni ya jiko akashangaa mboga imeiva upesi vile.

Mezani nikamwomba Tunu amwonyeshe Oma (bibi yake). Alimega, akafinyanga, akabonyeza kishimo kwa dole gumba, akachota mboga. Oma alikula matonge matatu kwa mkono, kisha akaomba uma. Tunu alichanganya, mara uma, mara mkono, na mkono haukwenda chini ya meza. Nilitoka nikajifanya nachemsha maji, nikafuta machozi.

Baadaye tukanywa chai yao, sukari ya mawe chini, krimu ya maziwa juu, bila kukoroga. Vikombe vitatu kama desturi, ndipo akaweka kijiko ndani ya kikombe kuonyesha ametosheka.

Jumamosi ijayo anakuja na dada yake. Unga umebaki nusu kilo. Nani anakwenda Oldenburg wiki hii?