Kanda za kaboni chini ya mihimili ya zege: je, zitabeba ghala la vitabu?

Msimamizi_Ngara aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, ninasimamia jengo la ghorofa nne huko Ngara, Nairobi, kwa niaba ya familia inayolimiliki. Ghorofa ya kwanza, ambayo imekuwa ya ofisi tangu jengo likamilike, imepata mpangaji anayetaka kuweka humo akiba ya vitabu vya shule. Mhandisi tuliyemwita anapendekeza kanda za nyuzi za kaboni zigandishwe kwa gundi ya epoksi chini ya mihimili, ilhali mkandarasi wetu anashikilia kwamba dawa ni kuongeza nondo na kuivika mihimili zege jipya. Kanda ni ghali, lakini mpangaji wa chini anauza nguo na hataki duka lifungwe kwa wiki nyingi. Mihimili kadhaa ina nyufa nyembamba, na mmoja ulio karibu na choo una madoa ya kutu. Ukanda mwembamba namna hiyo unabebaje mzigo, na tudai nini kabla ya kutia saini?

Mhandisi_Miundo alijibu:

Bwana Msimamizi, wembamba wa ukanda usikutie shaka. Mhimili unapolemewa hupinda na upande wake wa chini ukavutwa, na kwa kuwa zege ni dhaifu linapovutwa, nondo huwekwa huko chini. Ukanda hufanya kazi hiyohiyo kutoka nje. Kanda za kaboni za kawaida hukatika kwa mkazo wa karibu megapaskali 2,800 (kipimo cha nguvu kwa eneo), ilhali nondo huanza kulegea kwenye 500 hivi. Njia hii ilitafitiwa miaka ya 1980 na Urs Meier na wenzake katika taasisi ya EMPA huko Uswisi, na mwaka 1991 Daraja la Ibach karibu na Lucerne liliimarishwa kwa kilo 6.2 za kaboni mahali ambapo zingehitajika kilo 175 za chuma.

Tatizo liko kwenye ngozi ya zege, kwa sababu nguvu yote hupita humo kabla ya kufika kwenye ukanda. Mara nyingi ukanda haukatiki, bali hubanduka na tabaka la zege likiwa limeushika, tena ghafla, kwa kuwa kaboni hailegei kwanza kama chuma. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani, ACI 440.2R, unataka zege lenye nguvu ya angalau megapaskali 17, na uso wake ustahimili angalau 1.4 unapovutwa. Mkandarasi wa kanda akikupa bei kabla ya kukata sampuli za zege na kupima mvuto huo, anakisia.

Linalonisumbua zaidi katika swali lako ni vitabu. Mwongozo huohuo unadai kwamba jengo, kanda zikiwa hazipo kabisa, liweze kubeba uzito wake mara 1.1 pamoja na asilimia 75 ya mzigo mpya wa matumizi. Na pale mzigo unapokaa muda mrefu, kama ghalani, ni asilimia 100. Tuchukue sakafu yenye uzito wake wa kilonyutoni 5 kwa mita ya mraba (kilonyutoni moja ni uzito wa karibu kilo 100), iliyosanifiwa kwa mzigo wa ofisi wa 2.5 kwa kanuni za Uingereza za BS 8110, ambazo huzidisha kila mzigo kwa ajili ya usalama: uwezo wake ni 1.4 × 5 + 1.6 × 2.5, yaani 11. Ghala, kwa kanuni za Ulaya (Eurocode), huhesabiwa 7.5, hivyo mahitaji bila kanda ni 5.5 + 7.5, yaani 13. Kwa makisio haya sakafu yako haifai kwa kanda, hata ziwe ngapi. Ukimwekea mpangaji ukomo wa 5, mahitaji yanashuka hadi 10.5 na mlango unafunguka. Lakini rundo la vitabu lenye kimo cha mita moja hufikia 6 chini yake, kwa hiyo rafu zipangwe kwa hesabu, si kwa macho.

Fundi_Epoksi alijibu:

Naongezea la kazi yenyewe. Ule mhimili wa choo usiguswe kwa kanda kwanza. Kutu huvimba na kulisukuma zege kutoka ndani, na ukanda utabandikwa kwenye ganda ambalo tayari linaachana na nondo. Maji yazibwe, zege bovu lichongwe hadi nyuma ya nondo, kutu iondolewe, kisha pajazwe upya. Kwenye mihimili mingine, plasta na rangi zote ziondolewe na uso usagwe hadi kokoto zianze kuonekana. Nimekuta kazi ambayo ukanda ulibandikwa juu ya plasta, ukang'oka kwa mkono. Asubuhi za Julai hapa Nairobi uso wa zege huwa na umande usioonekana; subirini hadi uwe nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande, yaani joto ambalo umande huanza kutua.

Msimamizi_Ngara aliandika tena:

Ahsanteni sana. Sikuwa nimefikiria uzito wa vitabu kwa njia hiyo. Je, moto ukitokea kwenye duka la nguo?

Mhandisi_Miundo alijibu:

Epoksi za kawaida huanza kulainika kati ya nyuzi 60 na 80 za Selsiasi, joto ambalo moto wa nguo hulifikia darini kwa muda mfupi sana. Hesabu ichukulie kwamba kanda zimekwisha kazi, na hiyo ndiyo maana ya sharti la 1.1 nililotaja. Vazi la zege la mkandarasi wako lina nafasi yake hapa: linavumilia moto vizuri zaidi na linaweza kupandisha uwezo kupita pale kanda zinaporuhusiwa kufika, ingawa huongeza uzito unaoshuka hadi kwenye msingi. Kama mpangaji atakataa ukomo wa 5, mimi ningechagua vazi la zege na kufunga duka.

Kubadili ofisi kuwa ghala pia kunahitaji idhini ya Kaunti, na michoro itiwe saini na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Anza na sampuli za zege. Gharama yake ni ndogo kuliko ya ukanda mmoja uliobandikwa mahali pasipofaa.