Ubavu, gaseti au niongeze unene? Braketi ya umbo la L

kona_tisini
Wakuu, nina braketi ya umbo la L. Mabamba yote mawili yana upana wa mm 80 na unene wa mm 6. Ikibeba mzigo inapinda pale kwenye kona. Nimefikiria njia tatu: kuongeza unene ufike mm 8, kuweka ubavu mmoja wa pembetatu katikati ya kona, au gaseti mbili (vipande vya pembetatu vya kushikilia kona) pembeni. Ipi bora? Modeli inatakiwa keshokutwa.

BoltiM8
Bora kwa lipi? Hujasema ni chuma, alumini au plastiki, hujasema inabeba nini, wala itatengenezwa kwa njia gani. Ni sawa na kumwambia daktari "naumwa" halafu ukanyoosha mkono upewe dawa.

mkereza
Na mzigo wenyewe umetulia au unatikisika? Hilo muhimu kuliko yote.

kona_tisini
Samahanini. Ni alumini, aloi ya 6061. Inashika mota.

nusu_kipenyo
Ubavu. Sioni hata cha kujadili. Ukakamavu wa bamba dhidi ya kupinda unafuata kipeo cha tatu cha unene, kwa hiyo kutoka mm 6 hadi 8 unapanda mara 2.4 hivi, na uzito unaongezeka kwa theluthi. Sasa liache bamba na mm 6 zake, lipandishie ubavu mmoja wa unene wa mm 6 na kimo cha mm 20. Nimepiga hesabu: ukakamavu unapanda mara 15, na uzito umeongezeka robo tu. Anayetaka kuongeza unene anapenda kununua alumini.

Mama_Kalibu
Hesabu yako ni sahihi, ila umeishia nusu ya njia. Ukakamavu (kutopinda) si nguvu (kutovunjika). Ncha ya ubavu iko mbali na mhimili (mstari wa ndani usiovutwa wala kubanwa bamba likipinda), ndiyo inayobeba mkazo mkubwa kuliko sehemu nyingine zote. Kwa ubavu wako huo wa mm 20 mkazo unashuka mara 2.2 tu, si mara 15.

Kuna na baya zaidi. Mwambie mtu aweke ubavu wa kimo cha mm 6 juu ya bamba hilohilo. Braketi itakakamaa karibu mara mbili, lakini mkazo kwenye ncha ya ubavu utakuwa juu kwa nusu nzima kuliko bamba lilivyokuwa tupu. Umeongeza alumini na umeidhoofisha. Piga mwenyewe uone.

nusu_kipenyo
Nani kasema aweke wa mm 6?

Mama_Kalibu
Hapa hakuna aliyesema. Ila kila wiki naletewa modeli zenye vibavu vya urembo, mtu kaweka vifupi vinane badala ya viwili virefu.

nusu_kipenyo
Nimepiga. Uko sahihi, mama. Bado ni ubavu, ila uwe mrefu.

mzee_wa_weldi
Vijana, poleni na hesabu. Nisimulie ya gaseti, maana naona zimesahaulika.

Kuna mashine ya kuchekecha niliyoitwa kuitengeneza. Mota yake ilikaa kwenye bamba la chuma, na kona ilikuwa imechomelewa gaseti za pembetatu, nzuri machoni, zimenyooka. Bamba lilikuwa limepasuka. Si kwenye kona! Ufa ulianzia pale ncha ya gaseti inapoishia, katikati ya bamba. Fundi aliyetangulia alikuwa ameuziba ule ufa kwa weldi, kisha akaweka gaseti kubwa zaidi. Ufa ukahama, ukatokea mbele kidogo, kwenye ncha ya gaseti mpya. Mwenye mashine alikuwa ameshaagiza bamba la chuma kigumu zaidi, nikamzuia. Sehemu iliyochomelewa na inayotikisika haisaidiwi na chuma cha daraja la juu, maana uchovu wa metali unaanzia kwenye ukingo wa weldi, na huo ukingo ni uleule kwa chuma chochote.

Tulichofanya: tuling'oa gaseti zote, tukaweka mpya zinazokwenda hadi ukingo wa bamba na kushikana na ukuta wa pembeni, zisiishie hewani katikati ya bamba laini. Kona ya ndani ya kila gaseti tuliikata kidogo ili isigongane na mshono wa kona. Basi. Gaseti ikiishia katikati ya bamba jembamba, kazi yake ni kuhamisha ufa tu. Kwenye kompyuta hutauona, kwa sababu pale pembetatu inaonekana imekaa vizuri.

BoltiM8
Hii ihifadhiwe. Lakini mleta mada ana 6061, na ukiichomelea hupoteza sehemu kubwa ya nguvu kando ya mshono. Kona_tisini, unachomelea?

kona_tisini
Hapana, hapana. Inachongwa kwa CNC (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) kutoka tofali moja la alumini.

BoltiM8
Hilo ndilo tulilokuuliza mwanzo kabisa.

mkereza
Basi gaseti kama kipande cha pekee hazipo tena, zote ni mbavu tu. Jiulize kisu kinaingia upande gani. Ubavu katikati ya kona unakupa mifuko miwili, na kila mfuko una kona ambayo kisu cha duara hakiwezi kuifanya kali. Kisu cha mm 6 kinaacha nusu kipenyo cha mm 3 upende usipende. Chora mm 3.5 ili kisu kizunguke kona badala ya kusimama na kutetemeka humo ndani. Mfuko ukiwa na kina zaidi ya mara nne ya kipenyo cha kisu, mwenye mashine atakunung'unikia.

Mimi ningeweka mbavu mbili pembeni kabisa, zikae kama kuta za sanduku. Kisu kinapita katikati kwa raha, na ile ncha inayoishia hewani aliyoisema mzee unaiondoa.

nusu_kipenyo
Pembeni kabisa vichwa vya bolti vitaingia wapi? Na spana?

mkereza
Sijui. Hajatuonyesha matundu yako wapi.

kona_tisini
Matundu manne, moja kila kona ya bamba la chini. Picha nitaweka jioni. Swali lingine: ubavu nauchoraje? Nimejaribu kifaa cha ubavu, kinakataa.

nyuzi45
Unatumia programu gani ya kuchora? (Naona ni desturi yako kututegea.) Kwenye SolidWorks kifaa cha Rib kinataka mstari ulio wazi, si pembetatu iliyofungwa. Chora mstari mmoja wa mshazari kwenye bapa la katikati ya braketi, taja unene, nacho kinaujaza hadi kwenye kuta. Kikikataa, mara nyingi mstari ukiurefusha haugongi ukuta, au mshale wa upande wa kujaza umeelekea nje. Fusion nako ni hivyohivyo, na pia ina Web ya mbavu nyingi zinazoshuka wima. Kwenye FreeCAD mimi huchora pembetatu iliyofungwa na kuinenepesha kwa kifaa cha Pad sawasawa pande zote mbili. Usiikwamishe kwenye vipimo vya macho, ifunge kwenye kingo za mabamba, ili ukibadilisha unene kesho ubavu ufuate.

Na fileti (mviringo wa kulainisha kona) weka mwisho kabisa.

Mama_Kalibu
Fileti za urembo, ndiyo, mwisho. Fileti ya kona inayobeba mzigo ni sehemu ya muundo, iwepo mapema, hata kwenye mchoro wenyewe.

nyuzi45
Halafu ukibadilisha kitu juu ya mti (orodha ya hatua za modeli), fileti zote zinaharibika na nyuso zinabadilishana majina, programu haijui tena upi ni upi.

Mama_Kalibu
Zinaharibika ukizifunga kwenye kingo zilizozaliwa na ubavu. Na tatizo la majina FreeCAD walilipunguza sana tangu toleo la 1.0 la Novemba 2024, acha kusingizia.

nyuzi45
Kulipunguza si kulimaliza.

mkereza
Mnabishana fileti wakati kisu kimeshaiamua. Ona ujumbe wangu wa juu.

kona_tisini
Nimeweka ubavu, nikaendesha simulesheni. Mkazo kwenye kona ni mkubwa mno, na nikiifanya meshi (vipande ambavyo kompyuta inaigawia modeli) kuwa ndogo zaidi unazidi kupanda! Nina wasiwasi.

BoltiM8
Hiyo kona umeiacha kali, bila fileti. Kwenye kona kali ya ndani mkazo wa hesabu hauna kikomo, kila ukipunguza meshi utapanda tena, hadi mwakani. Weka fileti ya kweli, ile ya mm 3.5, ndipo namba itatulia. Halafu usiangalie mkazo peke yake. Mota ina mizunguko mingapi kwa dakika? Ikiwa 3000, inaitikisa braketi mara 50 kwa sekunde, na mtetemo wa asili wa braketi (kasi ambayo yenyewe hutikisika ikigongwa) ukiwa karibu na hapo, unene wala ubavu havitakuokoa.

kona_tisini
Nitaangalia kibandiko cha mota. Kwanza lakini nataka kuichapisha kwa PLA (plastiki ya printa ya 3D) niijaribu kazini kabla ya kuchonga.

mkereza
Ijaribu kama inakaa mahali pake, siyo kama inabeba. PLA inalainika kuanzia nyuzi 60 hivi, mota yako ikipata moto itaketi chini.

nusu_kipenyo
Na ilaze kwa ubavu, herufi L ionekane ukiitazama kutoka juu, ili tabaka zisikatie kwenye kona.

skrubu_mpya
Samahani kudandia. Mimi nina kasha la plastiki la kumimina kwenye kalibu, ukuta mm 2.5, lina nguzo za skrubu na mbavu. Mbavu nikizifanya mm 2.5 pia kuna shida?

Mama_Kalibu
Fungua mada yako, ndugu. Lakini usizifanye mm 2.5, uso wa nje utabonyea nyuma ya kila ubavu plastiki ikipoa. Shika asilimia 50 hadi 60 ya ukuta, yaani mm 1.3 hadi 1.5, kimo kisizidi mara tatu ya ukuta, na mwinamo wa nyuzi 1 ili kitoke kwenye kalibu. Nguzo usizigandishe kwenye ukuta wa pembeni, ziache na nafasi, uziunganishe kwa ubavu mwembamba. Ni plastiki gani?

skrubu_mpya
Sijaamua bado. Ipi bora?