Gumzo la kikundi: Fungu la wajasiriamali kanisani

Shemasi Eliya: Bwana asifiwe wapendwa. Baraza la wazee limekubali tutenge fungu la kuwashika mkono vijana na akina mama wanaoanzisha biashara. Mwongozo unatakiwa Jumamosi. Naanza na swali lililoleta ubishi mwingi: tutoe zawadi au mkopo?

Mama Neema: Amina. Mkopo, ila uwe mdogo, wa muda mfupi, na urejeshwe kila wiki. Zawadi ibaki kwa vitu ambavyo havirudishi pesa moja kwa moja: mafunzo, ada ya usajili, leseni. Ukigawa mtaji kama zawadi, fungu linakwisha kwa watu wa kwanza na wa nyuma wanabaki kuombewa tu.

Rehema: Shikamoo Mama Neema. Kila wiki si inambana mtu anayeanza? Kwa nini isiwe mara moja mwisho wa mwezi wa tatu?

Mama Neema: Marahaba mwanangu. Angalia hesabu hii. Mwaka 1746 John Wesley, mhubiri Mwingereza aliyeanzisha Umethodisti, alianzisha fungu la mikopo kwa maskini, London. Zilichangwa pauni 30 na shilingi 16. Kanuni yake: mtu hapewi zaidi ya shilingi 20 kwa mara moja, anarejesha kila wiki, anamaliza ndani ya miezi 3. Katika miezi 18 walisaidiwa watu 255. Pauni moja wakati ule ilikuwa shilingi 20, kwa hiyo fungu zima lilitosha watu 30 kwa mpigo. Miezi 18 ina vipindi 6 vya miezi mitatu. 30 mara 6 ni 180. Hao 75 wa ziada walipatikanaje? Wengine huenda walichukua pungufu, lakini siri kubwa ni marejesho ya kila wiki: pesa ya wiki hii inamwanzishia mwingine wiki ijayo, hailali mfukoni kwa mtu miezi mitatu.

Mama Neema: Faida ya pili: wiki ikipita bila rejesho unajua mapema kuna tatizo. Ukingoja miezi mitatu, unapogundua, mtaji umeshaliwa.

Baba Tumaini: Hapo sawa kwa mwenye genge, cherehani au saluni. Kwa mkulima na mfugaji usilazimishe wiki. Atauza mbegu alipe deni. Huyo apangiwe kulingana na mavuno, rejesho moja au mawili, na wakati wa kusubiri mtu wa kamati aende shambani aone.

Mama Neema: Kweli kabisa, liandikwe hivyo.

Baba Tumaini: Ila kabla ya kuongelea mkopo, tuongelee soko. Kosa la kwanza la makanisa ni kumpa mtu mtaji kwa sababu ana wito na bidii. Wateja wake wa mwezi wa kwanza ni waumini wenzake. Wananunua kumtia moyo, wanampigia makofi. Mwezi wa tatu wamechoka, na yeye ameshakodi fremu na kuajiri msaidizi. Hawa mimi nawaita wateja wa huruma. Hawana ubaya, ila hawaonyeshi kama bidhaa inatakiwa.

Rehema: Sasa tutawatenganishaje?

Baba Tumaini: Wiki 4 za majaribio, kwa kiasi kidogo anachokimudu mwenyewe. Daftari la mauzo ya kila siku, na kila muuzo uwekewe alama: mteja ni wa kanisani au wa nje. Kamati ianze kumsikiliza akiwa na wateja wasiopungua 10 wa nje, na angalau watatu kati yao wawe wamerudi kununua mara ya pili. Anayerudi ndiye ushahidi. Anayekuja mara moja anaweza kuwa mpita njia.

Baba Tumaini: Na mauzo ya mkopo kwa waumini yasihesabiwe mpaka yalipwe. Muuzaji mdogo anaona haya kumdai mtu anayekaa naye benchi moja Jumapili, kwa hiyo madeni hayo yanamla kimyakimya. Ni bora kubandika tangazo dukani kwamba mauzo ni taslimu kwa wote, kuliko kumkatalia mmoja mmoja.

Shemasi Eliya: Na kiasi cha mkopo tunakipataje? Wengi wataandika namba kubwa.

Mama Neema: Luka 14:28, keti kwanza uhesabu gharama. Mkopo wa kwanza utoshe mzunguko mmoja wa bidhaa, usizidi. Tuseme mtu anaomba 120 kwa wiki 12, rejesho ni 10 kwa wiki. Kanuni: faida ghafi ya wiki, yaani mauzo ukitoa gharama ya kununulia bidhaa, iwe angalau mara mbili ya rejesho, yaani 20. Kama faida ghafi yake ni asilimia 25 ya bei ya kuuzia, lazima auze 80 kwa wiki. Daftari lake la majaribio linaonyesha anauza 35? Basi mkopo wa 120 utamzamisha. Apewe 50, akimaliza vizuri arudi kwa mkubwa zaidi.

Mama Neema: Mipaka ya fungu lenyewe: mtu mmoja asipewe zaidi ya asilimia 5, na asilimia 15 zisikopeshwe kabisa, ziwe akiba ya hasara. Akaunti iwe ya peke yake, mbali na sadaka na jengo. Watia saini watatu, hela itoke kwa saini mbili. Ndugu wa mjumbe akiomba, mjumbe huyo anatoka kikaoni na kumbukumbu zinaandika kwamba alitoka.

Mtunza hazina: Riba je? Kutoka 22:25 inakataza kumtoza maskini riba. Ila benki inatukata, karatasi na nauli za kutembelea watu zinagharimu.

Shemasi Eliya: Mjadala huo ni wa zamani. Mwaka 1462 kule Perugia, Italia, watawa Wafransisko walianzisha hazina ya kukopesha maskini kwa rehani, na hazina za namna hiyo zikatoza kidogo ili zijiendeshe. Wapo waliosema hiyo ni riba. Mtaguso wa Tano wa Laterano, mkutano mkuu wa Kanisa Katoliki, ukaamua mwaka 1515 kwamba malipo ya kiasi kwa ajili ya gharama tu, bila kutafuta faida, hayana kosa. Mimi naona tuige hapo: ada moja ya kufidia gharama halisi, itajwe siku ya kwanza, isiongezeke mtu akichelewa.

Mtunza hazina: Naafiki. Deni linaloongezeka lenyewe kwa mtu aliyekwama ndilo hasa Maandiko yanalolikemea. Jambo lingine, tumuulize mwanasheria kama kanisa linaruhusiwa kukopesha kwa jina lake. Sehemu nyingi ukikopesha kwa ada unahitaji kibali, na kanisa linaweza kuhatarisha usajili wake. Likishindikana, waumini waunde chama cha akiba na mikopo kinachojitegemea, kanisa lichangie mafunzo na ukumbi.

Mchungaji: Wapendwa nawasoma kwa furaha. Naomba mniambie, mimi nikae wapi katika hili?

Mama Neema: Baba Mchungaji, kwa heshima zote, nje ya maamuzi ya pesa. Fundisha, omba, tembelea. Usipitishe maombi wala usidai madeni. Aliyenyimwa mkopo na mchungaji ataona amenyimwa na madhabahu. Aliyeshindwa kulipa ataikimbia madhabahu hiyohiyo, na hapo tumepoteza pesa na kondoo pia.

Mchungaji: Nimekubali kwa moyo wote. Na asiyelipa, utaratibu ni upi?

Baba Tumaini: Wiki ya kwanza akikosa, simu. Ya pili, watu wawili wanamtembelea, si kwa kudai, bali kuangalia daftari na bidhaa. Hapo utajua kama hawezi au hataki. Asiyeweza, rejesho linapunguzwa nusu na muda unaongezwa, kwa maandishi. Asiyetaka, hapati tena na wadhamini wake wanaitwa. Jina lake lisitajwe mimbarini wala humu kwenye kikundi.

Rehema: Wadhamini wangapi? Mithali 22:26 inaonya juu ya kudhamini.

Baba Tumaini: Inaonya kuhusu kudhamini usichoweza kulipa. Kwa hiyo wawe watatu, kila mmoja adhamini theluthi tu, na aonyeshe kwamba anaimudu bila kuuza kitanda chake. Mtu asidhamini wawili kwa wakati mmoja.

Yona: Samahani wakubwa zangu. Sisi wa programu za simu? Kitu kinaweza kuchukua mwaka na nusu kabla ya kuingiza chochote. Rejesho la kila wiki halifai.

Mama Neema: Halifai kabisa, Yona, na sadaka pia haifai huko. Kampuni changa ya namna hiyo inaweza kufa na pesa yote. Inahitaji mtaji wa hisa, yaani mtu anatoa pesa na kupata sehemu ya umiliki, kutoka kwa watu binafsi wanaoweza kuupoteza wasilale njaa. Pesa itoke kwa awamu, tuseme tatu: ya kwanza kutengeneza toleo la majaribio, ya pili likishapata watumiaji wanaorudi bila kusukumwa, ya tatu watu wakishaanza kulipia. Awamu moja ikikwama, nyingine haitoki.

Mtunza hazina: Na tangazo la kuwekeza lisitolewe ibadani. Matapeli wanapenda makanisa kwa sababu watu wanaamini kwanza na kuuliza baadaye. Anayeahidi faida ya uhakika kila mwezi, hata akifungua kwa maombi, aonyeshwe mlango.

Yona: Na waanzilishi wenza? Wengi tunaanza na rafiki wa kwaya.

Mtunza hazina: Andikeni kabla ya kuanza: nani ameleta nini, nani anamiliki asilimia ngapi, programu ni mali ya nani, na mmoja akiondoka nini kinatokea. Hisa zipatikane polepole kwa miaka, kwa mfano 4, na aliyeondoka kabla ya mwaka mmoja asichukue kitu. Upendo wa ndugu haupungui kwa kuandikiana. Unapungua mnapogombana bila karatasi.

Rehema: Swali langu la mwisho. Zaka ya biashara inatolewa kwenye nini? Nawaona wenzangu wanatoa sehemu ya kumi ya mauzo yote.

Mchungaji: Hili ni langu. Zaka ni ya maongezeko. Mkopo si pato, wala mtaji si pato. Mama Neema, weka namba.

Mama Neema: Umeuza 100. Bidhaa ziligharimu 75. Pango, nauli na mifuko 13. Limebaki 12. Ukitoa 10 kwa kuwa ni sehemu ya kumi ya mauzo, umebakiwa na 2 za kula, kulipa rejesho na kukuza biashara. Wiki ya tano unauza bila bidhaa za kutosha. Sehemu ya kumi ya 12 ni 1.2.

Mchungaji: Nitalifundisha Jumapili hii, na nitaligusa na lile la Paulo kushona mahema, Matendo 18:3. Alifanya kazi ili asilemee watu.

Rehema: Asante sana Mchungaji. Na daftari liwe na nini?

Mama Neema: Safu tano zinatosha: tarehe, maelezo, iliyoingia, iliyotoka, baki. Kila jioni baki ilingane na pesa iliyo mkononi. Ukichukua unga dukani kupika nyumbani, weka pesa yake kwa bei ya kununulia, na uiandike kwenye iliyoingia. Wengi hawafilisiki kwa hasara ya sokoni, wanafilisika kwa vitu vidogo vilivyohamia jikoni bila kuandikwa.

Shemasi Eliya: Mbali na pesa, kanisa lina nini kingine?

Baba Tumaini: Ukumbi uliofungwa Jumatatu hadi Ijumaa. Wahasibu na wanasheria wanaoketi hapo kila Jumapili, kila mmoja atoe saa 2 kwa mwezi. Na kubwa kuliko yote, kanisa ni mnunuzi. Linachapisha, linashona sare, linaagiza vyakula, linatengeneza viti. Tatizo linaomba punguzo kwa sababu ni kazi ya Mungu, halafu linalipa baada ya miezi. Fundi mdogo akidaiwa mbao na kanisa halijamlipa, amekwisha. Andikeni: bei ya soko, nusu kabla ya kazi, nusu ndani ya siku 7 baada ya kupokea.

Mtunza hazina: Kama ni hivyo Shemasi, tuanzie kwetu. Ninazo ankara za mafundi wetu ambazo hazijalipwa. Zikamilishwe zote kabla fungu halijatangazwa.

Shemasi Eliya: Zilete Jumamosi, ziwe ajenda ya kwanza. Kikao saa 9 alasiri.