Nachoma testosteroni na twataka mtoto: hCG au klomifeni?

Mvuvi_Shela: Salaam alaykum. Nina miaka 36, nachoma sindano za testosteroni, homoni ya kiume, mwezi wa saba sasa. Nguvu zimerudi, lakini korodani zimenywea na kipimo cha mbegu kimetoka sifuri. Mke wangu ataka mtoto wa pili. Nimetajiwa dawa mbili za kurudisha mbegu, sindano ya hCG na klomifeni. Umeme wa Lamu mnaujua unavyokatika, na dawa nyingine zataka friji, basi nishaurini.

Mfamasia_Malindi: Pole kaka, ungeambiwa kabla ya sindano ya kwanza. Ubongo ukiona testosteroni imejaa damuni huacha kutuma LH na FSH, homoni zinazoziamuru korodani, na korodani zikikosa amri hulala. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 1990 ulitumia sindano za aina hiyo, 200 mg kwa wiki, kama njia ya kupanga uzazi! Klomifeni huuziba ubongo usiisikie estrojeni, homoni inayoupunguzia amri hizo, nao ukazidisha LH na FSH. Lakini ukiendelea kujichoma, nguvu yake ni ndogo. hCG huigiza LH, yaenda korodani moja kwa moja.

Baba_Wawili: Mimi hCG. Daktari alinianzishia pamoja na testosteroni, yuniti 500, leo nachoma kesho napumzika. Mbegu hazikukatika. Taabu ni baridi: ikishachanganywa yataka friji, nyuzi 2 hadi 8. Natoka nayo Malindi kwenye themosi, kichupa nimekifunga kitambaa kisigusane na barafu. Boti ya Mokowe ikichelewa, roho juu.

Mama_Kipini: Klomifeni ni vidonge, haitaki friji. Ila mume wangu ilimtia ukungu machoni, akaambiwa aache siku ileile.

Mvuvi_Shela: Eti hCG yatoka kwenye mkojo? Si najisi?

Baba_Wawili: Ipo ya mkojo wa wajawazito, ipo ya maabara. Nilimuuliza shehe wangu, akaniuliza nina watoto wangapi, akacheka.

Mfamasia_Malindi: Baba Wawili alikuwa analinda mbegu, wewe wazitafuta. Ukishafika sifuri na wataka mtoto sasa, kwa kawaida daktari husimamisha testosteroni kwanza, ndipo apange hCG, klomifeni au vyote. Wengi mbegu hurudi ndani ya miezi 6 hadi 12, wengine hata miaka 2. Pima LH, FSH na wingi wa damu. Na usijipangie dozi mwenyewe, tafadhali.

Mvuvi_Shela: Jumatatu nashuka Malindi. Themosi ninayo, ila ni ya kahawa ya mama, sijui nitamwambiaje.