Wakuu, Liga MX (ligi kuu ya Mexico) bila kushuka daraja mnaionaje? Mimi naona ndiyo inayoiua Mexico

Alfajiri_FC (mleta uzi)

Habari zenu wakuu. Najua humu wengi ni Simba, Yanga na EPL, ila mimi damu yangu ni mpira wa Mexico. Ulinishika Kombe la Dunia 2010 kwenye ile mechi ya ufunguzi, Afrika Kusini na Mexico kule Soccer City, Tshabalala kaachia lile shuti Afrika nzima tumeruka, halafu dakika ya 79 Rafa Márquez akatulia ndani ya boksi akasawazisha, nikasema hawa watu lazima niwafuatilie. Mpaka leo Jumapili naamka saa kumi na moja alfajiri kuangalia mechi ambazo kwao ni Jumamosi usiku. Timu yangu Cruz Azul, kwa hiyo kuumia nimezoea.

Sasa swali. Aprili 2020, corona imesimamisha kila kitu, wenye timu wakakaa wakafuta kupanda na kushuka daraja. Ligi ya pili wakaibatiza Liga de Expansión, unachukua ubingwa unabaki palepale. Huku juu ukiburuza mkia unalipa faini, msimu ujao uko tena kama kawaida. Na ligi yenyewe ina timu 18 tu, kufikia 2025 timu 10 zilikuwa zinapata nafasi ya kugombea ubingwa kupitia play-in (mechi za mchujo) na liguilla (hatua ya mtoano), na mabingwa wanapatikana wawili kila mwaka, Apertura na Clausura, yaani misimu miwili mifupi. Yaani unaweza kucheza ovyo miezi mitatu ukaamka wiki mbili za mwisho ukabeba kombe!

Mimi naamini hapa ndipo timu ya taifa inapofia. Kuanzia 1994 hadi 2018 Kombe la Dunia saba mfululizo wanatolewa 16 bora, 2022 hata makundi hawakuvuka, wamelingana pointi na Poland wakatoka kwa tofauti ya magoli. Mchezaji ambaye hajawahi kucheza mechi ya kufa na kupona klabuni ataitolea wapi roho hiyo mbele ya Argentina? Nyie mnasemaje?

Nakuru Azul

Boss umeongea ukweli nusu. Kushuka daraja ni muhimu sawa, lakini shida kubwa ni matajiri wachache kumiliki timu mbili mbili. Angalia León. Walichukua ubingwa wa klabu wa CONCACAF (Amerika Kaskazini, Kati na Karibiani) 2023 kwa kuwafunga LAFC ya Los Angeles, Marekani, nyumbani na ugenini, wakapata tiketi ya Kombe la Dunia la Klabu 2025, wakamsajili James Rodríguez kabisa kwa ajili hiyo. Pachuca nao wakafuzu mwaka uliofuata, na Pachuca na León mwenyewe ni mmoja. FIFA wakaitoa León Machi 2025, rufaa ikagonga mwamba, na aliyeingia nafasi yao ni nani? LAFC haohao, baada ya kuipiga América ya Mexico 2-1 kwenye muda wa nyongeza. Mchezaji wa León alifanya kosa gani pale?

Na ile siku ya Querétaro na Atlas, 5 Machi 2022, wale watu waliokimbilia uwanjani na watoto mikononi kwa sababu jukwaani kunachinjana, majeruhi 26. Mimi nilizima simu, sikuweza kuangalia zile video mpaka mwisho. Adhabu ikawa mechi za nyumbani mwaka mzima bila mashabiki na wamiliki kunyang'anywa timu. Sawa, lakini timu ikarudishwa kwa wamiliki wa zamani, ambao tayari walikuwa na Tijuana, timu nyingine ya ligi hiyohiyo! Ukifika hapo unaona ligi ni ya familia chache, kushuka daraja kungewagusa wao wenyewe ndiyo maana wakakufuta.

Mbongo wa Houston

Niko Texas huku, wacha niwape ya huku. Mexico wanacheza mechi nyingi za kirafiki Marekani kuliko kwao, na uwanja unajaa. Wamexico wenyewe wanaziita "moleros", mechi za kutafuta hela. Niliwahi kukaa na baba mmoja na wanawe wawili, wote jezi za kijani, katoka mbali na gari usiku kucha, tiketi bei mbaya, halafu kocha kapanga kikosi cha pili. Hakulalamika hata kidogo, aliimba wimbo wa taifa mkono kifuani mpaka mishipa ikamtoka. Mashabiki wa hivi wanastahili zaidi ya wanachopewa.

Lakini mashabiki nao tusiwafiche. Ile kelele ya wakati kipa wa wapinzani anapiga goli kiki, inaanza "eeeh" pole pole halafu inaishia kwenye tusi la kudhalilisha mashoga. FIFA wamepiga faini wee, mechi ya Jamaica Septemba 2021 uwanja wa Azteca, Mexico City, ikachezwa viti vitupu, Juni 2023 Las Vegas wanapigwa 3-0 na Marekani refa akamaliza mpira kabla ya muda. Ukisema ni utamaduni unajidanganya, unaiponza timu yako na kuna watu wanaumia kweli pale jukwaani.

Mzee wa Jukwaa la Jua

Vijana, haya mambo ya viongozi hayajaanza 2020. 1988 shirikisho lilipeleka vijeba kwenye mashindano ya kufuzu ya vijana chini ya miaka 20, wenyewe wanawaita cachirules. Kilichowaumbua ni kitabu cha mwaka cha shirikisho lenyewe, kilichapa tarehe halisi za kuzaliwa! FIFA wakaifungia Mexico miaka miwili, timu zote, Olimpiki ya Seoul wakakosa na Italia 90 wakakosa. Na msimu huo huo wa 1989/90 Hugo Sánchez kafunga magoli 38 Real Madrid. Mshambuliaji yuko kwenye ubora wake kabisa, akabaki kuangalia Kombe la Dunia kwenye TV kwa dhambi ya watu wa ofisini. Mimi hiyo sijawasamehe.

Alfajiri_FC (mleta uzi)

Mzee hiyo ya Hugo inauma sana. @Nakuru nakubaliana na wewe kwenye umiliki, na nakuongezea Morelia. Mabingwa wa Liga MX msimu wa Invierno 2000, mji mzima rangi moja, 2020 hiyohiyo wamiliki wakaihamishia Mazatlán kwa sababu kule kuna uwanja mpya, mashabiki wakaandamana barabarani na barakoa zao, haikusaidia. Mji ukaja kuanza upya na timu ya daraja la pili, ambako sasa hata ukishinda hupandi, kwa hiyo wamenyang'anywa timu na ngazi ya kurudia wamenyang'anywa pia.

Na kuna kitu hatujakigusa, Copa Libertadores, ubingwa wa klabu za Amerika Kusini ambako timu za Mexico zilikuwa zinaalikwa. Cruz Azul fainali 2001, Chivas 2010, Tigres 2015, halafu baada ya 2016 wakajitoa. Wachezaji walikuwa wanaenda La Bombonera, uwanja wa Boca Juniors kule Argentina, wanarudi wanaume. Kwa mtazamo wangu wangeanza na hayo mawili, warudishe kushuka daraja na waombe kurudi Libertadores. Mbongo, hao unaokaa nao majukwaani huko Texas wanasemaje kuhusu Libertadores, wanaitaka au wamesharidhika na ile Leagues Cup ya timu za Mexico na za MLS (ligi ya Marekani)?